Maji Yasiyojaa Wala Kupwa

Alasiri moja ya msimu wa kaskazi, katika ufuko wa Utende, kisiwani Mafia, unaotazama ghuba ya Chole, nilimwonyesha mzee mmoja, nahodha aliyekwisha kuacha bahari, ambaye mimi humwita ami kwa ujirani na si kwa nasaba, kipande cha senema katika simu yangu: jahazi kubwa limekumbwa na tufani, mawimbi yanapanda mithili ya majabali, na omo yake inazama na kuibuka. Hapakuwa na hata tone moja la maji ya kweli katika picha ile, kwani bahari yote ilikuwa ni kazi ya kompyuta. Ami aliitazama mara mbili, akanirudishia simu, akasema, "Bahari nzuri, mwanangu, lakini chombo hakimo ndani yake."

Mimi niliyepata riziki yangu kwa miaka kadhaa katika sanaa hii ya kutengeneza maji ya uongo nilinyamaza, kwa sababu kwa maneno yale machache mzee alitia kidole penye jeraha ambalo sisi mafundi hulificha kwa gharama kubwa.

Bahari ya senema, msomaji, aghalabu si moja bali ni mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza ni bahari ya mbali, ile ijazayo picha mpaka upeo wa macho, nayo kwa hakika haina maji, ina uso tu. Hesabu yake yasimama juu ya jambo ambalo wavuvi walilijua kabla ya wanahisabati, kwamba bahari iliyochafuka ni mawimbi mengi yaliyopandana, marefu kwa mafupi, kila moja likishika njia yake, na kwamba wimbi refu hulipita fupi kwa mbio: katika maji ya kina kirefu, wimbi ambalo toka kilele hata kilele ni mita 100 huenda kadiri ya mita 12 na nusu kwa sekunde, ilhali lile la mita 1 haliendi zaidi ya mita 1 na robo. Upepo ndio uamuao kila namna ya wimbi iwe kiasi gani, na Pierson na Moskowitz waliwahi kuweka kanuni ya jambo hilo mwaka 1964. Mwaka uliofuata Cooley na Tukey wakatangaza njia ya hesabu iwezayo kuyajumlisha maelfu ya mawimbi kwa muda mfupi mno. Mwanafizikia wa Marekani, Jerry Tessendorf, ndiye aliyeileta ilimu hii katika senema, na bahari ya Titanic, senema ya mwaka 1997, ilitokana na mbinu za namna hiyo.

Ni njia nyepesi, tena nzuri, lakini ina hila yake. Kompyuta hufanya hesabu ya kipande kimoja tu cha mraba, kisha hukipanga ubavuni mwake chenyewe, tena na tena, kama msusi wa mkeka arudiavyo nakshi ile ile ukili hata ukili. Na kwa kuwa bahari hiyo ni kitambaa kisichokuwa na upande wa chini, haiwezi kupasuka, wala kumwagika sitahani, wala kusukumwa na ubavu wa chombo. Jahazi huwekwa juu yake likapandishwa na kushushwa, basi. Hilo ndilo aliloliona ami.

Bahari ya pili ni ya karibu, na hapo ndipo penye taabu. Milinganyo yake ni ya zamani: Mfaransa Claude-Louis Navier aliitoa mwaka 1822, na George Stokes, mzaliwa wa Ireland, akaikamilisha mwaka 1845. Maana yake, ukiivua joho la alama zake, ni kwamba kila kipande cha maji huenda kwa sababu jirani zake wamekisukuma, uzito umekivuta chini, na mnato umekichelewesha. Na juu ya hayo yote, maji hayakubali kubanwa, kiingiacho huku sharti kitoke kule. Mwenye shaka na aende Mlango wa Kinasi, unaoiunganisha ghuba yetu na bahari kuu, wakati wa bamvua: maji ya ghuba yanatafuta pa kutokea, mlango haukupanuka, nayo hayakupungua, basi hayana budi kukimbia. Ndiyo maana wazamiaji aghalabu huingia hapo maji yanapojaa, wasije wakachukuliwa nje.

Sasa tuseme mtengeneza senema anautaka mlango huo. Fundi atakata eneo la mita 100 kwa 100, lenye kina cha mita 20, kuwa vyumba vidogo vya sentimita 10 kila upande, naye amekwisha kujipatia vyumba milioni 200, kila kimoja kikihitaji kujua kasi yake na shinikizo lake, na hiyo ni kwa picha moja tu kati ya 24 zipitazo katika sekunde moja. Akitaka kuona kwa undani mara mbili ya hapo, vyumba huwa mara nane. Na kwa kuwa hatua za muda nazo hupunguzwa nusu, kazi huwa mara 16. Nimeona kazi ya usiku kucha ikitoa sekunde mbili za wimbi, na wimbi lenyewe halikupendeza.

Zamani kidogo hesabu hizi zilikuwa na maradhi mengine: fundi akipiga hatua ndefu kwa pupa, namba zilifura zikalipuka. Mwaka 1999 Jos Stam alileta dawa ambayo mpaka leo mimi huistaajabia kwa usahili wake: badala ya kukiuliza kila chumba maji yake yanakwenda wapi, alikiuliza yametoka wapi. Mlipuko ukakoma, ila mchemko wa maji nao ukafifia, maji yakawa mazito kama uji. Ndipo mwaka 2005 Zhu na Bridson, katika makala ambayo, ajabu, ilihusu mchanga, wakaonyesha namna ya kutumia chembechembe na vyumba kwa pamoja: chembe ni kama vyombo vilivyopakia shehena yake ya kasi, na vyumba ni forodha ambapo vyombo husimama kidogo, shinikizo likakadiriwa, kisha vikaendelea na safari vikiwa na shehena yake.

Maji haya yenye uhai ni ghali, kwa hiyo huwekwa kandokando ya chombo tu. Mbele yake hufuata ukanda ambamo hufifizwa polepole mpaka yakawa kitambaa cha bahari ya mbali. Mshono ukiwa mbovu, mkia wa povu unaofuata tezi hukatika ghafla kama kamba iliyotiwa kisu. Povu lenyewe na manyunyu huongezwa baadaye, nayo hayafai kudharauliwa, maana ndiyo yalipayo wimbi ukubwa wake. Katika senema za kale fundi alielekeza kamera kwenye jahazi la kuchezea ndani ya birika, na kama alilipunguza mara 16, alipiga picha kwa kasi mara nne ili mawimbi yaonekane mazito. Lakini matone hayakukubali kupunguzwa, na baharia akaonekana akirukiwa na tone kubwa kuliko kichwa chake.

Hata rangi sharti iagizwe. Magharibi ya Mafia, panapoelekea delta ya Rufiji, bahari ina tope. Mashariki ni samawati. Na programu haijui tofauti hiyo mpaka iambiwe ni udongo kiasi gani umo majini na nuru ipotelee umbali gani.

Nilimwonyesha ami kipande kingine, ambacho mshono wake mimi mwenyewe nilishindwa kuuona. Alifuatisha povu kwa kidole toka tezi mpaka lilipokufa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Na haya maji, yanajaa ama yanapwa?"

Sikuwa na jibu. Hakuna mahali katika programu ambapo swali hilo huulizwa. Ami hakungoja, alikuwa amekwisha kugeukia Chole, ambako mafungu ya mchanga yalianza kutoa migongo, na mwenye mashua alikuwa akiwahimiza abiria wa mwisho wapande kabla chombo hakijakaa chini.