Choo cha Kwanza

Siku ya pili au ya tatu baada ya kushonwa, mzazi huuliza kwa sauti ya chini: nikienda chooni, mshono hautafumuka?

Haufumuki kirahisi hivyo. Lakini hofu yake ina sababu. Msamba ukichanika wakati wa kujifungua hadi daraja la tatu, mpasuko umefika kwenye msuli unaobana njia ya haja kubwa. La nne, umepita hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Majeraha hayo hushonwa chumba cha upasuaji, mara nyingi kwa ganzi ya mgongo. Ganzi ikiisha, maumivu huja kwa kishindo.

Wengi hungoja yazidi ndipo wameze dawa. Wamechelewa. Parasetamoli humezwa kwa saa, gramu 1 kila baada ya saa 6, isipite gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni huongezwa baada ya chakula, ila kwa mwenye vidonda vya tumbo, pumu, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aulizwe daktari kwanza. Anayenyonyesha anaruhusiwa zote mbili. Kodeini siipendi hapa: hupita kwenye maziwa, na hufunga choo.

Na choo ndicho chenye kesi. Anayekiogopa hupunguza kula, hanywi maji, hujibana. Choo kikikaa hukauka, kikitoka humuumiza, naye kesho hujibana zaidi. Ndiyo maana laktulosi, inayolainisha choo, mimi naihesabu kuwa dawa ya maumivu. Hutumika kwa siku 10 hivi. Maji mengi, papai na mboga visaidie. Chooni asisukume kwa nguvu. Aegemeze pedi safi kwenye mshono, na kama choo ni cha kukalia, miguu ikanyage kigoda.

Siku za mwanzo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 20, hupunguza uvimbe. Bibi wa Pwani ameshabandika sufuria ya maji ya kukandia. Bibi, shikamoo: mgongo ukande, mshono uache. Huo unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu tu, kisha unakaushwa taratibu.

Maumivu yakipanda badala ya kushuka, ukaona usaha, harufu mbaya au homa, au upepo au choo vikatoka bila kuzuilika, ama kupitia ukeni, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usingoje arobaini.