Je, Wajua? Rezista Iliyoungua Mara Nyingi Si Mkosaji

Ukifungua amplifaya ya hedifoni uliyoiunda mwenyewe ukakuta rezista imegeuka mkaa, usikimbilie kuibadilisha. Mara nyingi imeponzwa na transista jirani iliyopiga shoti: mkondo ukiongezeka mara 2, joto la rezista huongezeka mara 4. Chomoa umeme, ngoja kapasita zimalize chaji, kisha pima transista kwa mita ikiwa kwenye alama ya dayodi. Transista nzima ya silikoni husoma takribani volti 0.6 kati ya besi na emita, tena upande mmoja tu. Iliyopiga shoti husoma karibu sifuri. Rangi za rezista zimeteketea? Angalia mwenzake kwenye chaneli ya pili, maana kushoto na kulia hufanana. Na tafadhali, usichomeke hedifoni kabla ya kupima volti za DC kwenye tundu la sauti. Zikizidi milivolti 50 hivi, bado kuna kasoro.