Ustadh Mansur na punda milia

Wako wadhanio kuwa mchoraji kazi yake ni kupamba tu. Ustadh Mansur, mchoraji wa Mfalme Jahangir wa India, alitoa ushahidi kwa rangi za maji. Brashi yake ilikuwa ya manyoya ya kindi. Rangi, madini yaliyosagwa na kutiwa gundi. Kazi hiyo haimfai mwenye pupa! Mwaka 1620 huko Kashmir alichora maua zaidi ya 100.

Mwaka 1621 aliletwa punda milia kutoka Habasha, mnyama ambaye sisi wa huku hatumshangai. Wengine wakashuku kwamba amepakwa rangi. Akachunguzwa, ikathibiti kuwa ndivyo Mola alivyomuumba. Mansur akamchora mlia kwa mlia, bila kuzidisha. Picha ile ingalipo London.