Je, Wajua? Kwa Nini Jina la Jirani Yako wa Semina Halikai Kichwani

Je, wajua kwamba watu wanapojitambulisha kwa zamu, jina lililo rahisi zaidi kukuponyoka ni la yule anayekutangulia? Mwaka 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner alichapisha utafiti wa watu waliosoma maneno kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake. Walipoulizwa baadaye wanakumbuka nini, maneno yaliyosomwa muda mfupi tu kabla ya zamu ya mtu mwenyewe ndiyo yaliyompotea zaidi. Zamu ikikaribia, masikio yapo lakini akili imeshaondoka. Unawaza useme unatoka Masasi au Mtwara tu, utaje cheo au ukiache, usimame au ubaki umekaa. Jirani yako anataja jina, unatikisa kichwa kwa adabu zote, na hakuna kilichoingia.

Huo ndio utaratibu tunaoupenda kuliko wote: “Tuanzie huku, jina lako na unakotoka.” Ukumbi mzima unajitaja, makofi yanapigwa, na ikifika saa ya chai watu wanaitana “bosi”, “mwenzangu” na “dada yule wa Dodoma”.

Je, wajua kwamba upo mchezo wa majina uliowahi kupimwa kitaalamu? Peter Morris na Catherine Fritz wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo yake mwaka 2000. Wa kwanza anataja jina lake: Neema. Wa pili anasema Neema, kisha la kwake, Juma. Wa tatu anaanza na Neema, Juma, ndipo ajitaje yeye, na mnyororo unaendelea kurefuka. Wanafunzi waliocheza hivyo walilinganishwa na wenzao waliotambulishana wawili wawili. Walipimwa baada ya nusu saa, baada ya wiki mbili, hata baada ya miezi 11, na kila mara waliocheza waliwaacha wenzao mbali sana.

Nguvu ya mchezo huo iko katika kulichomoa jina kichwani mwako mwenyewe. Kulisikia tu hakutoshi, hata ulisikie mara kumi. Tena Thomas Landauer na Robert Bjork walishaonyesha mwaka 1978 kwamba jina hukaa vizuri zaidi likikumbukwa kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Mchezo wa mnyororo unafanya hivyo bila mtu kushika saa: kadiri orodha inavyokua, ndivyo Neema anavyochukua muda zaidi kabla ya kutajwa tena.

Kwa hiyo mwezeshaji anayejua kazi yake hukaa mwisho wa duara, abebe mzigo mzito yeye. Wakipita kumi na tano, mimi ningewagawa makundi mawili. Na anayekwama asaidiwe palepale na mwenye jina. Ukimya ukirefuka ataondoka na aibu yake tu. Pia, kabla ya kuanza, kila mtu aseme anapenda kuitwaje. Kwetu mtu mmoja ana jina la shule, jina la nyumbani na jina la mtoto wake wa kwanza, na hakuna kijana atakayemtaja mzee wa watu “Hamisi” kavukavu eti kwa kuwa ni mchezo. Aseme Mzee Hamisi, au Mama Asha, na mnyororo hautakatika.

Je, wajua kwamba kazi ya mtu hukumbukwa kwa urahisi kuliko jina lake, hata neno likiwa lile lile? Watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu picha za sura ngeni pamoja na majina na kazi zao. Neno “Baker”, ambalo ni jina la ukoo na pia maana yake ni mwoka mikate, lilikumbukwa zaidi lilipotolewa kama kazi. Mwoka mikate ana unga mikononi na tanuri nyuma yake. Bwana Baker hana chochote. Hapo ndipo michezo ya kulipa jina sifa, Juma Jasiri, Rehema Rubani, inapopata maana yake, ingawa watu wazima huicheza wakiona haya.

Je, wajua kwamba jina lako hupenya hata pale usiposikiliza? Mwaka 1959 Neville Moray aliwavalisha watu vipokea sauti, akawataka wafuatilie maneno ya sikio moja tu. Jina la msikilizaji lilipopita kwenye sikio la pili, takriban theluthi moja ya waliopimwa walilinasa.

Je, wajua kwamba Warumi wa kale walikuwa na mtumwa maalumu wa majina? Aliitwa nomenclator, naye alimnong’oneza bwana wake majina ya watu waliokutana nao njiani, hasa siku za kuomba kura. Mwandishi wa kale Plutarch anaeleza kwamba sheria ilipopitishwa kuwazuia wagombea kuwatumia watumwa hao, mgombea mmoja tu, Cato, ndiye aliyeitii. Inapendeza, ila mwaka 63 kabla ya Kristo msemaji mashuhuri Cicero alimkejeli Cato huyo huyo mbele ya mahakama kwa kuwa na nomenclator.

Je, wajua kwamba kanga moja inatosha kuupima ukumbi? Watu wakishajuana kiasi, gawa pande mbili, wawili washike kanga katikati kama pazia. Kila upande utoe mtu mmoja, achutame nyuma ya pazia kimyakimya. Kanga ikishushwa, atakayewahi kumtaja mwenzake ndiye mshindi, na aliyeshindwa anahamia upande wa pili. Hapa hakuna kiti cha kukukumbusha nani alikaa wapi. Inabaki sura na jina.

Je, wajua kwamba tembo wa Amboseli na Samburu, nchini Kenya, huenda nao wanaitana kwa majina? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulichambua milio 469. Kompyuta iliweza kubashiri mlio ulimlenga tembo yupi zaidi ya robo ya mara zote, kiwango kikubwa kuliko ambavyo bahati tu ingeweza. Kisha tembo 17 walichezewa rekodi: aliyesikia mlio uliokuwa umemlenga yeye alikifuata kipaza sauti haraka zaidi kuliko aliposikia wa mwenzake.