Uvimbe wa Tezi za Adrenali kwa Watoto (2): Dalili Zinazojitokeza Mbali

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya tezi mbili za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Leo tuangalie uvimbe wake kwa watoto, ambao mara nyingi hujionyesha mahali pasipotarajiwa.

Nyuroblastoma ni saratani inayoanzia kwenye chembe changa za neva, na wengi huipata kabla ya miaka 5. Ikisambaa hadi mifupa inayozunguka macho, mtoto huvia damu chini ya kope, na mzazi asiye na hatia huulizwa nani kampiga. Wapo wachache ambao macho yao hurukaruka huku na huko bila mpangilio, mikono ikishtukashtuka. Mtoto aliyekwisha kutembea huanza kuyumba na kuanguka. Hapo kinga ya mwili, katika kupambana na uvimbe, imeushambulia na ubongo. Uvimbe wenyewe huwa mdogo, hivyo hauonekani kwa urahisi. Wengi wa watoto hawa hupona saratani, lakini hubaki na shida ya kusema na kujifunza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Wengine huhara maji mfululizo kwa sababu uvimbe unamwaga homoni iitwayo VIP. Dawa za kuhara hazifui dafu mpaka uvimbe uondolewe.

Uvimbe wa gamba la tezi una sura nyingine. Binti wa miaka 3 huota nywele za sehemu za siri na chunusi, sauti ikawa nzito, na akarefuka kuliko wenzake. Jamaa husifu kwamba anakua vizuri! Kusini mwa Brazili ugonjwa huu huwapata watoto mara 10 hadi 15 zaidi ya kwingineko. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa chanzo ni kasoro moja ya kurithi katika jeni ya TP53.

Feokromositoma, uvimbe mwingine wa tezi hizi, nayo hupandisha presha, pamoja na jasho na kuumwa kichwa. Kabla ya upasuaji, presha hushushwa kwanza kwa dawa.

Mzazi, binti akianza kubalehe kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya 9, mpeleke hospitali. Nanyi wauguzi, mpimeni mtoto presha kwa mkanda unaolingana na mkono wake.