Moto Usio na Chungu

Jua haliwaki kwa kuni wala kwa makaa. Katikati yake joto hupata nyuzi 15,000,000, na chembe za haidrojeni, hewa iliyo nyepesi kuliko zote, hugongana kwa nguvu hata zikaungana. Katika kuungana huko hutoka joto na nuru ya mchana. Wataalamu walitamani kuuwasha moto huo duniani. Lakini utatiwa katika chungu gani? Hakuna jiwe wala chuma kiwezacho kuustahimili.

Basi, huko Culham, Uingereza, ulijengwa mtambo wenye umbo la pete, uitwao JET, uliofanya kazi tangu 1983 hata 2023. Ndani yake haidrojeni ilipashwa moto hata joto lake likawa kama mara kumi ya lile la katikati ya jua, nayo ilishikwa na nguvu za sumaku, isiguse ukuta. Ikigusa, hupoa mara moja.

Mwaka 2023 haidrojeni nzito, miligramu 0.2 tu, ilitoa kwa sekunde 5 joto sawa na la kilo 2 za makaa ya mawe. Ni ajabu kubwa. Walakini kuipasha moto kulikula nguvu nyingi kuliko zilizopatikana. Kwa hiyo mtambo mkubwa zaidi, ITER, unajengwa Ufaransa, kwa maana pete kubwa hukawia kupoa, kama vile uji katika chungu kikubwa.