Kumwachisha Kasuku Chakula cha Tembe

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si ndege wa pwani. Makao yake ni misitu mikubwa ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na hapa Kenya ajulikana kwa asili upande wa magharibi, katika msitu wa Kakamega. Hata hivyo amekuwa mgeni wa siku nyingi katika nyumba za kisiwa cha Mombasa, toka Mji wa Kale hata Kizingo. Zamani alikula alichokula mwenye nyumba: wali, mkate, njugu, pengine na chai. Siku hizi wako wamnunuliao chakula cha tembe, nao sasa waanza kuuliza kama haifai zaidi kumlisha matunda na mboga za Marikiti.

Swali hilo ni jema, lakini jawabu lake lataka hadhari, kwani kasuku aweza kufa njaa mbele ya bakuli lililojaa.

Kwanza yafaa kujua tembe ni nini. Ni nafaka na kunde zilizosagwa, zikachanganywa na vitamini na madini kwa kipimo, kisha zikafinyangwa ziwe vipande vidogo. Sababu yake ni kwamba ndege apewaye mbegu tupu huchagua zile zenye mafuta, kama alizeti, akaziacha nyingine. Akiishi hivyo miaka kadhaa hupungukiwa vitamini A, na dalili zake ni vidonda vya kinywani, pua kuziba na maradhi ya mara kwa mara. Hupungukiwa pia chokaa ya mwilini, na kasuku wa kijivu ni dhaifu kwa jambo hili kuliko kasuku wengi wengine: damu ikikosa chokaa hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hushikwa na kifafa. Tembe zaondoa hatari hiyo. Ubaya wake ni kwamba chakula ni kile kile kila siku, nacho kasuku ni ndege mwenye akili, apendaye kupasua, kumenya na kutafuta. Tena zikitoka ng'ambo ni ghali, na huenda zikakosekana dukani.

Basi asiziondoe mtu kwa siku moja. Kasuku hakitambui kitu kigeni kuwa ni chakula; kipande cha boga kwake ni kama kipande cha mti. Kabla ya kuanza, mwenye ndege na apate mizani ya jikoni ipimayo gramu, ampime kila asubuhi kabla hajala, na kuandika. Kasuku wa kijivu mkubwa huwa na gramu 400 hivi au 500. Aliyekuwa na gramu 450 akishuka hata 405, yaani sehemu moja katika kumi, jambo hilo ni la hatari: arudishiwe chakula alichozoea siku hiyo hiyo, na daktari wa wanyama aarifiwe. Kumtazama kwa macho hakutoshi, kwa kuwa manyoya huficha ukondefu.

Njia iliyo salama ni kumpa mboga alfajiri, wakati ana njaa, na kumwekea tembe zake baada ya saa mbili au tatu, na tena jioni. Mboga zikatwe ndogo ndogo, zichanganywe na tembe chache zilizopondwa ili apate ladha aijuayo. Wako ndege wakataao bakuli lakini hukubali jani zima la sukuma wiki lililofungwa kwenye vyuma vya tundu. Na iko hila moja ya kale ambayo haigharimu kitu: mwenye nyumba akae karibu naye ale kipande cha karoti kwa furaha dhahiri. Kasuku ni ndege wa kundi, na akionacho kinaliwa na wenzake hutaka kukionja. Kazi hii yaweza kuchukua majuma, hata miezi, na mwenye haraka asiianze.

Kwa habari ya ununuzi, mkazi wa Kizingo hana haja ya kwenda mbali. Soko la Marikiti, lililojengwa katika mwaka 1914, lina karibu vyote vitakiwavyo. Vyakula vyenye rangi ya machungwa ndivyo vitangulie, kwani ndani yake imo asili ya vitamini A: boga, karoti, papai, embe bivu, na viazi vitamu vya rangi hiyo vilivyochemshwa. Huko msituni ndege huyu hula tunda la mchikichi, ambalo ni jekundu kwa sababu iyo hiyo. Majani ya mlonge na sukuma wiki ni mazuri. Mchicha nao si mbaya, ila una kitu kishikacho chokaa isiingie mwilini, kwa hiyo usiwe wa kila siku. Pilipili kali asiogope mtu kumpa. Ndege haoni ukali wake. Pojo na kunde zipikwe zikaive. Matunda matamu yawe machache kuliko mboga.

Chokaa yapatikana bure: ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome, uokotwao ufukoni, uoshwe na kuchemshwa, ukaushwe juani, kisha uanikwe tunduni. Lakini chokaa haifanyi kazi pasipo jua. Ndege atolewe barazani asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia, maana jua lipitalo katika kioo cha dirisha halimfai kwa jambo hili.

Parachichi, yaani avokado, ni sumu kwake, tunda na jani. Chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi nyingi vyote vimepigwa marufuku, hata zile kachiri za muhogo ziuzwazo jioni upande wa Lighthouse. Njugu zenye ukungu ni hatari kubwa: sumu ya ukungu wa namna hiyo katika mahindi iliua watu 125 huko Ukambani na kandokando yake katika mwaka 2004, na ini la ndege ni dogo. Na katika joto la Mombasa chakula kibichi kisikae bakulini zaidi ya saa mbili au tatu.

Choo cha ndege kitakuwa na maji zaidi kuliko kwanza, na rangi yake itafuata alichokula. Hilo lisimtishe mtu. Choo cheusi kama lami, au ndege aliyejikunja na kufutuka manyoya mchana, hilo ndilo la kumpelekea daktari.

Hata akizoea mboga, ni vema tembe zisiondoke kabisa. Mchanganyiko wa nyumbani wakosa kipimo, na upungufu wake hauonekani mpaka miaka imepita.

Kwa daktari aendako, mwenye ndege achukue na hati yake. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imekatazwa tangu mwaka 2017, na kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimpasi mtu kumfuga katika Kenya pasipo kibali cha Shirika la Wanyamapori.